Kifungu cha Saba

Mkataba ulifika Jumanne, kurasa kumi na nne,
nikauweka juu ya friji, chini ya chupa ya siki,
nikarudi shambani.
Waridi halingoji wakili:
jua likipanda, harufu imeshajiendea zake.

Wakili wa karibu yuko Plovdiv.
Saa yake moja ni makapu mangapi ya maua?
Nilihesabu, nikacheka peke yangu kama mwehu.
Basi usiku, mimi na Penka, mke wa mwanangu,
tukavaa miwani moja kwa zamu
tukausoma kama watu wanaochambua maharage,
kidole juu ya kila punje.

*Mnunuzi atalipa katika muda unaofaa.*
Unaomfaa nani? akauliza Penka.
Penseli pembeni: siku thelathini.

*Mafuta yawe ya ubora wa kuridhisha.*
Kwa pua ya nani?
Penseli: apime mtu wa maabara
asiyekula chumvi yetu wala yao.

*Muuzaji hatamuuzia mwingine yeyote.*
Hata kichupa cha harusi ya binti wa jirani?
Hapo penseli ilivunjika ncha.

Kifungu cha saba kilisamehe mengi:
vita, mgomo, tauni, maasi, tetemeko la ardhi.
Mawazo ya watu wanaokaa ghorofani.
Mvua ya mawe haikuwemo.

Gancho, mume wangu, alisimama mlangoni mwaka ule
akitazama mawe meupe, makubwa kama jozi,
yakipukutisha mashamba kwa dakika kumi na moja.
Mnunuzi wa zamani alikuja na uso wa huruma.
Pole sana, alisema, lakini uliahidi kilo mbili.
Walikuwa wamepeana mikono tu, wawili, uani.
Tuliuza trekta.
Nimeutafuta mkono ule tangu siku ile;
haukuacha alama popote.

Bwana Castagnier alikuja na viatu visivyojua udongo.
Nikamwekea jamu ya waridi, akala vijiko vitatu.
Siku tisini za malipo, mama, ni sawa?
Nikakiinua kichwa, nikakishusha. Mara mbili.
Akatabasamu, akaandika.

Penka akakohoa.
Bwana, mama amekataa.
Kalamu ikaning'inia hewani.
Kwetu, akamweleza, kichwa cha juu na chini ni hapana.
Arobaini na tano, basi?
Nikakipeleka kushoto, kulia, kushoto,
naye, maskini, akaanza kufunga mkoba,
kumbe hapo ndipo nilipokuwa nimekubali.

Tulicheka hadi kahawa ikapoa.
Hakuwa mwizi, yule bwana.
Na mimi sikuwa mjinga.
Tulikuwa watu wawili wa heri, meza moja,
tukitoka na mapatano mawili.
Ndiyo kazi ya karatasi, nikaona:
si kumfunga mwovu, yeye ana njia zake;
ni kuwauliza wema wawili, mapema,
mna hakika mmesema jambo moja?

Kwa hiyo nikamuuliza anachohofia.
Akanyamaza kidogo. Kwamba utauza kwingine, alisema,
nibaki na chupa tupu kwa bosi wangu.
Nikampa kilo ya kwanza ya kila msimu,
iwe yake kabla ya mtu mwingine kuinusa.
Itakayobaki, nitauza nitakako.
Akakuna kidevu. Nami nataka mvua ya mawe, nikasema.
Mawe makubwa kiasi gani?
Kiasi chochote kinachoangusha ua.

Penka akaandika kwa mkono, lugha mbili,
katika kifungu cha saba, baada ya tetemeko la ardhi.
Tukatia sahihi, kila mmoja amenuna kidogo,
na sehemu moja ya karatasi ina alama ya jamu.

Karatasi haizuii wingu, najua.
Lakini usiku ule radi ilipopiga nyuma ya mlima,
mara moja, halafu karibu zaidi,
nilisikiliza,
nikageukia upande wa pili,
nikalala.